Taa za dashibodi kwenye gari la zamani: kusoma kosa, kulitafuta, ndipo uizime taa

Kabla ya kugusa waya wowote, geuza funguo hadi ON bila kupiga stati, kisha itazame dashibodi kwa sekunde kumi. Taa ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga unapokanyaga breki) na ya airbag (mfuko wa hewa wa kumkinga mtu kwenye ajali) zote zinatakiwa ziwake. Ya ABS na ya airbag hujizima zenyewe baada ya sekunde chache, mifumo yake ikishajikagua. Ya injini, ya oili na ya betri hubaki zinawaka mpaka injini iwake. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na kwenye gari lililopita mikono mingi ndilo linalofichua mengi zaidi.

Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayowaka. Huenda balbu imeungua, lakini pia huenda imechomolewa na mtu aliyetaka kuuza gari, au imezibwa kwa utepe mweusi upande wa ndani. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: wanaunga waya wa taa ya airbag kwenye taa ya oili au ya betri, ili ziwake na kuzima pamoja na mnunuzi asishtuke. Kuwagundua si kazi ngumu. Acha funguo ON kwa nusu dakika bila kustati. Taa ya airbag iliyo nzima itajizima yenyewe. Iliyochezewa itabaki inawaka, kisha itazima sekunde ileile taa ya oili inapozima baada ya injini kuwaka.

Balbu ya betri nayo ina kazi ya ziada. Kwenye alteneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Balbu ikiungua, alteneta inaweza isichaji kabisa, au ianze kuchaji pale tu unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Alteneta nyingi nzima zimefunguliwa bure kwa sababu ya balbu.

Taa nyekundu

Nyekundu ni za kusimama. Zipo nne zinazohusu usalama wa injini na wa abiria: oili, joto, chaji na breki.

Taa ya oili haipimi wingi wa oili, inapima presha. Swichi yake kwa kawaida huiwasha taa presha ikishuka hadi takriban bar 0.3 hadi 0.5, maana yake ikiwaka injini ikiwa inafanya kazi, beringi za krenki tayari hazipati oili ya kutosha. Zima injini pale pale, hata kama umebakiza mita mia mbili kufika. Gari likiwa sehemu tambarare, subiri dakika tano hadi kumi oili ishuke kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena usome. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye injini nyingi za gari ndogo, ni kama lita moja. Oili ikiwa chini ya alama, jaza, kisha tafuta ilikokwenda: sili ya krenki, gasketi ya kifuniko cha valvu, filta iliyofungwa vibaya, au moshi wa bluu kwenye egzosi.

Oili ikiwa imejaa na taa bado inawaka, fuata mpangilio huu:

1. Chomoa waya wa swichi ya oili (mara nyingi ni waya mmoja, karibu na filta) na uweke funguo ON. Taa ikibaki inawaka, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Injini haina kosa.
2. Taa ikizima, gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini. Inatakiwa iwake tena. Sasa una uhakika na waya na balbu.
3. Fungua swichi, funga geji ya presha mahali pake. Gari nyingi za Kijapani zina nyuzi za inchi 1/8 hapo.
4. Pasha injini mpaka feni ya rejeta iwake, kisha soma. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kama bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ukipata bar 2 na zaidi kwenye mizunguko 3,000, swichi ndiyo mbovu.

Presha inayokuwa nzuri injini ikiwa baridi, kisha ikaanguka injini ikipata moto na kuachwa ingurume bila kukanyagwa, huonyesha beringi zilizolika, chujio la sampu lililoziba, au oili iliyochanganyika na petroli. Kuweka oili nzito sana ili taa inyamaze ni ujanja wa kuuzia gari tu. Beringi inabaki imelika vilevile.

Taa ya joto: simama, zima kiyoyozi, zima injini, na usifungue mfuniko wa rejeta mpaka mpira wa juu uweze kuushika kwa mkono bila kuungua. Maji ya rejeta yako chini ya presha ya karibu bar moja, na ukifungua yanachemka na kuruka papo hapo. Jihadhari na jambo moja: maji yakiisha kabisa, sensa ya joto hubaki hewani na geji inaweza kushuka na kuonyesha baridi wakati injini inaungua. Geji iliyopanda kisha ikaanguka ghafla si habari njema. Baada ya kupoa, angalia kwa mpangilio: kiasi cha maji, mipira na chini ya pampu ya maji kama kuna uvujaji, kisha feni. Kwenye gari nyingi za zamani, ukichomoa waya wa swichi ya joto feni inatakiwa iwake yenyewe (au ukiunganisha nyaya zake mbili, kutegemea saketi). Feni ikiwaka kwa njia hiyo, swichi ndiyo tatizo. Isipowaka, tafuta fyuzi, rilei au mota. Thamostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi joto 82 na 90, na unaweza kuijaribu kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto.

Taa ya betri ikiwaka unapoendesha, una muda kidogo kabla gari halijazima, kwa sababu sasa betri peke yake ndiyo inayolisha plagi na pampu ya mafuta. Zima redio, kiyoyozi na feni ya ndani. Kisha chukua multimita (mita ya kupimia umeme). Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6. Injini ikinguruma inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma 12 na kitu na inazidi kushuka, alteneta haichaji: anza na mkanda (umekatika au unateleza), halafu waya mnene wa nyuma, halafu brashi za kaboni na regyuleta. Ikizidi 15, regyuleta imekufa upande wa pili na itachemsha betri na kuunguza balbu. Taa ikiwaka kwa mwanga hafifu tu, hasa ikiandamana na ya breki kwenye gari za Kijapani, shuku dayodi za alteneta.

Multimita hiyohiyo inafaa pale dashibodi nzima inapowaka kwa pamoja: ABS, injini, airbag, breki, zote. Mifumo minne haifi siku moja. Kinachokosekana hapo ni umeme wenyewe. Pima betri wakati wa kupiga stati, isishuke chini ya volti 9.6. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stati. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, waya wa athi (unaounganisha nguzo hasi ya betri na chuma cha gari) umeoza au umelegea. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma kiwake, funga tena. Kazi ya dakika kumi hii imemaliza makosa mengi yaliyokuwa yanasubiri kununuliwa kompyuta mpya.

Taa ya breki ina vyanzo viwili au vitatu: swichi ya hendibreki, boya la chombo cha mafuta ya breki, na kwenye baadhi ya gari sensa ya pedi. Mafuta ya breki hushuka taratibu kadiri pedi zinavyolika, kwa sababu pistoni za kalipa zinatoka nje zaidi. Ukiongeza mafuta bila kuangalia pedi, umeizima taa iliyokuwa inakuambia pedi zimekwisha, na siku ya kufunga pedi mpya mafuta yatafurika na kula rangi ya bodi. Kwa hiyo vua tairi kwanza. Pedi zikiwa nene na mafuta yameshuka, kuna uvujaji: angalia silinda za nyuma ndani ya ngoma, na sehemu masta silinda inapokutana na busta. Jaza aina ileile iliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4.

Taa ya injini na soketi ya kuisoma

Taa ya njano ya injini ikiwaka bila kupepesa, gari linaweza kuendeshwa kwa upole mpaka ulikague. Ikipepesa wakati unaendesha, injini inamisi (silinda haichomi petroli yake) kiasi cha kupeleka petroli mbichi kwenye katalisti (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya egzosi), ambayo inaweza kuyeyuka ndani ya safari moja. Punguza mwendo, usikanyage mafuta sana, na usiendelee na safari ndefu.

Angalia chini ya usukani. Ukikuta soketi ya plastiki yenye umbo la trapeza na nafasi za pini 16, yaelekea gari linasomeka kwa kifaa cha kawaida cha OBD-II (mfumo wa pamoja wa kusoma makosa ya gari). Marekani iliulazimisha mfumo huo kwa gari za modeli ya 1996 kwenda mbele, Umoja wa Ulaya kwa gari za petroli kuanzia 2001. Gari za Kijapani zilizotengenezwa kwa soko la ndani zinaweza kuwa na soketi hiyo mapema zaidi lakini zikazungumza lugha ya kampuni yenyewe, ndiyo maana kisomaji cha bei ndogo huandika kwamba hakijaunganika. Kisipowaka kabisa, usikitupe. Pini ya 16 hupata umeme wa betri moja kwa moja, na kwenye gari nyingi fyuzi yake ndiyo ileile ya kiwashio cha sigara au ya taa ya ndani. Pima pini ya 16 na ya 4, lazima upate volti 12.

Soma kodi zote (namba za makosa zilizo kwenye kompyuta ya gari), zilizohifadhiwa na zinazosubiri, kisha zipige picha. Piga picha pia ukurasa wa data zilizogandishwa: mizunguko ya injini, joto, mwendo na mzigo wakati kosa lilipotokea. Data hizo hufutika pamoja na kodi. Aliyefuta kwanza kisha akaanza kutafuta amejinyima ushahidi, na sasa hana la kufanya ila kusubiri taa irudi.

Gari zisizo na soketi hiyo, au zisizoitikia kifaa

Hapa kipande cha waya kinatosha.

Toyota za zamani: fungua kijisanduku cheusi au cha kijivu kilichoandikwa DIAGNOSTIC chini ya boneti. Ndani ya mfuniko kuna mchoro wa majina ya matundu. Injini ikiwa imezimwa, gia N, kiyoyozi kimezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, kisha weka funguo ON. Angalia vizuri mchoro, kwa maana tundu la +B lina umeme wa betri na ukiliunganisha na E1 utaunguza fyuzi au waya. Taa ikipepesa haraka bila kukatiza, mara mbili kwa sekunde, hakuna kosa. Kukiwa na kosa, inapepesa tarakimu ya kwanza, inatulia sekunde moja na nusu, kisha ya pili. Mapepeso mawili, kimya kifupi, pepeso moja: kodi 21, sensa ya oksijeni. 22 ni sensa ya joto la maji, 24 ya joto la hewa inayoingia, 31 ya kupima hewa au presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), 41 ya nafasi ya throto (mlango wa hewa ya injini), 42 ya mwendo wa gari, 52 ya kugonga kwa injini. 12 na 13 ni kukosekana kwa ishara ya mizunguko, nazo huandamana na gari kugoma kuwaka. Kodi zikiwa kadhaa, huanzia namba ndogo. Andika, usitegemee kukumbuka.

Honda za miaka ya 1990: tafuta soketi ndogo ya nyaya mbili, mara nyingi ya bluu, imejificha upande wa abiria chini ya dashibodi. Unganisha nyaya zake mbili, funguo ON. Pepeso refu ni kumi, fupi ni moja, kwa hiyo refu moja na fupi nne ni 14, valvu inayorekebisha mzunguko wa injini gari likiwa limesimama.

Nissan nyingi zenye kanyagio la umeme hazihitaji hata waya, ila zinahitaji saa yenye mshale wa sekunde. Funguo ON, mguu nje ya kanyagio, hesabu sekunde 3. Kanyaga mafuta mpaka mwisho na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka mwisho na ushikilie kama sekunde 10, taa ya injini ianze kupepesa, kisha achia. Itahesabu kodi ya tarakimu nne, na sifuri huonyeshwa kwa mapepeso kumi. Ukikosea sekunde moja haikubali. Zima funguo, subiri, anza upya. Wengi hufaulu jaribio la tatu au la nne.

Kodi si jina la kipuri

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kodi inataja saketi au hali ambayo kompyuta haijaridhika nayo. Haisemi nunua nini.

Chukua P0171, ambayo maana yake ni mchanganyiko mwembamba: hewa nyingi, petroli kidogo. Wanaokimbilia sensa ya oksijeni wanaadhibu shahidi. Fungua data za moja kwa moja kwenye kisomaji, injini ikiwa moto, uangalie marekebisho ya mafuta (asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) ya muda mfupi na ya muda mrefu, na uyajumlishe. Jumla iliyo kati ya −10 na +10 kwa mia ni ya kawaida. Sasa linganisha hali mbili. Injini ikinguruma bila kukanyagwa jumla ni +20, ukiipandisha hadi mizunguko 2,500 inashuka karibu na +5: hewa inaingia kwa wizi. Throto ikiwa imefungwa, hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote, ikifunguka inakuwa tone. Tafuta mpira uliopasuka nyuma ya manifoldi, gasketi ya manifoldi, au bomba la mpira lenye mikunjo kati ya filta na throto, ambalo hupasuka ndani ya mikunjo na halionekani mpaka ulikunjue kwa mkono. Lakini ikiwa jumla ni nzuri gari likiwa limesimama na inapanda unapokanyaga mafuta, tatizo ni kiasi cha petroli (filta iliyoziba, pampu iliyochoka) au sensa ya hewa iliyochafuka. Sensa ya hewa isafishe kwa dawa yake maalumu tu, bila kuugusa waya wake mwembamba hata kwa pamba.

Kumisi, P0301 hadi P0304 kwa injini ya silinda nne, kuna njia ya haraka. Namba ya mwisho ni silinda. Kodi ikiwa P0301, hamishia koili ya silinda ya 1 kwenye ya 3, futa kodi, endesha. Kodi ikirudi kama P0303, koili imejitaja yenyewe. Ikibaki P0301, hamisha plagi. Ikibaki tena, sasa fikiria injekta na pima kompresheni. P0300 isiyotaja silinda moja mara nyingi ni jambo la injini nzima: hewa ya wizi, presha ya petroli, au plagi zote zimechoka.

Sensa ya oksijeni ya mbele, iwe ya aina ya kawaida ya gari za zamani, inatakiwa iruke-ruke kati ya volti 0.1 na 0.9 injini ikiwa moto. Ya nyuma ya katalisti inatakiwa itulie, karibu 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikianza kuiga mbio za ya mbele ndipo P0420, kodi ya katalisti iliyochoka, inapozaliwa. Hata hivyo tafuta kwanza tundu kwenye egzosi kabla au karibu na sensa, kwa sababu hewa ya nje inayovutwa hapo huidanganya. Kodi za hita ya sensa, kama P0135 na P0141, ndizo rahisi kuliko zote: pima fyuzi yake, kisha pima ukinzani wa nyaya mbili zenye rangi moja. Omu 5 hadi 15 ni kawaida kwa sensa nyingi, mita isiposoma chochote hita imekatika.

Sensa ya joto la maji hupimwa ikiwa imechomolewa. Kwenye gari nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi joto 20, na omu 200 hadi 400 kwa nyuzi 80. Ikidanganya kuwa injini ni baridi, gari hunywa mafuta, moshi unakuwa mweusi na plagi zinashika masizi, na kosa linaweza kuwa hilo bila taa yoyote kuwaka.

Kabla ya kulaumu sensa yoyote, chomoa soketi yake uangalie ndani. Pini zenye ukungu wa kijani, oili iliyopanda ndani ya waya, klipu iliyovunjika inayoachia soketi icheze: haya ni ya kawaida kwenye gari lenye miaka 20. Shika fungu la nyaya ulitikise injini ikinguruma. Mngurumo ukibadilika, umepata mahali.

ABS na airbag

Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, ila tairi zinaweza kufunga ukikanyaga kwa nguvu. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, anza na kiwango cha mafuta, na uendeshe kwa tahadhari kubwa, kwani mgawanyo wa breki za nyuma nao huenda haupo.

Mara nyingi kosa ni sensa ya tairi. Sensa za zamani zina sumaku, hivyo hukusanya unga wa chuma kutoka kwenye diski. Ifungue taratibu, ifute, safisha na pete yenye meno inayozungukia mbele yake. Ipime: nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,500, na muhimu zaidi ni kulinganisha kushoto na kulia. Weka mita kwenye volti za AC, zungusha tairi kwa mkono: ikiwa nzima utaona sehemu ndogo ya volti inayopanda kadiri unavyoongeza kasi. Taa inayowaka baada tu ya kubadilisha sivi jointi au beringi ya habu ina maelezo mepesi. Kipuri kipya hakina pete ya meno, au pete imepasuka wakati wa kugongwa nyundo. Tairi moja yenye saizi tofauti nayo huiwasha.

Kwenye Toyota nyingi, kodi za ABS husomwa kwa kuunganisha TC na E1, au pini ya 13 na ya 4 kwenye soketi ya pini 16. Kuzifuta, waya ukiwa bado umeunganishwa na funguo ziko ON, kanyaga breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Taa ikianza kupepesa mfululizo kwa haraka, kodi zimeondoka. Chomoa waya kabla ya kuendesha.

Airbag ina sheria zake. Zima funguo, ondoa nguzo hasi ya betri, subiri angalau dakika 3 kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano, kwa sababu moduli hutunza umeme wa kufyatua hata betri ikiwa imetolewa. Usipime airbag yenyewe kwa mita ya omu kamwe, umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua. Unachoweza kufanya salama ni kuangalia soketi za chini ya viti vya mbele, ambazo hulegea kwa kusogezwa viti na kusukumwa na mizigo, na kuzibana vizuri. Honi ikiwa imekufa pamoja na taa ya airbag kuwaka, kebo ya mzunguko ndani ya usukani imekatika, mara nyingi baada ya mtu kuuvua usukani na kuurudisha bila kuweka kebo katikati. Zaidi ya hapo, mpelekee mwenye kifaa kinachosoma mfumo huo.

Kuizima taa

Ukiwa na kisomaji, chagua kufuta kodi, funguo ON na injini imezimwa. Kwa Toyota za waya, chomoa fyuzi ya EFI (kwa kawaida ya 15A) kwa sekunde 10 au zaidi. Honda, fyuzi ya BACK UP ya 7.5A. Nissan, ingia tena kwenye hatua za kanyagio na ulishikilie zaidi ya sekunde 10 kodi zikiwa zinaonyeshwa.

Kutoa nguzo hasi ya betri kwa robo saa hufanya kazi kwa gari nyingi za zamani, lakini ni njia ya mwisho. Redio inaweza kudai namba ya siri, madirisha yanasahau mwisho wake, gia za otomatiki zinabadilika kwa mshtuko kwa muda, na injini inaweza kuzimika-zimika unaposimama kwenye taa za barabarani. Iwashe, ipate moto, iache ingurume dakika kumi bila mzigo, kisha dakika tano na kiyoyozi. Pia kodi za airbag na za ABS kwenye gari nyingi haziondoki kwa njia hii.

Ukishatengeneza kosa, si lazima ufute. Kwenye mfumo wa OBD-II taa hujizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa, na kodi hufutika baada ya injini kupasha moto mara 40 bila kosa kurudi. Kufuta kunarudisha pia vipimo vya ndani vya kompyuta kwenye hali ya haijakamilika, kwa hiyo usifute asubuhi ya siku ya ukaguzi, kifaa cha mkaguzi kitaliona. Na kwa kuwa makosa mengi huhitaji safari mbili kabla ya kuwasha taa, siku moja bila taa haithibitishi chochote. Soma kodi zinazosubiri baada ya safari ya pili.

Taa ambazo si kosa la injini

O/D OFF inayowaka bila kupepesa kwenye gia otomatiki imewashwa na kitufe cha pembeni ya gia, kibonyeze. Ikipepesa yenyewe kwenye Toyota, ni kodi ya gearboksi, na husomwa kwa waya uleule wa TE1 na E1, kitufe kikiwa upande wa kuwasha.

Taa yenye mchoro wa waya uliojisokota kwenye gari za dizeli za Volkswagen, inayopepesa safarini, haihusu plagi za kupashia joto. Angalia taa za breki za nyuma kwanza, swichi ya kanyagio la breki ni mtuhumiwa wa kila siku.

Taa ya filta ya dizeli ina maana maji yamejaa kwenye kikombe chini ya filta. Weka chombo chini, legeza bomba la kutolea mizunguko miwili hadi miwili na nusu, pampu kwa kitufe cha mkono juu ya filta mpaka itoke dizeli tupu, kaza kwa mkono. Pampu tena mpaka kitufe kiwe kigumu ndipo upige stati.

T-BELT kwenye Toyota za dizeli ni hesabu ya kilomita tu. Huwaka kwa kawaida kwenye 100,000 au 150,000 kulingana na modeli, wala haijui hali ya mkanda. Badilisha mkanda wa taiming na tensheni yake kwanza. Kwenye dashibodi za mshale, vua kijifuniko cha mpira kwenye uso wa mita na ubonyeze swichi ya ndani kwa bisibisi nyembamba. Zenye odomita ya kidijitali, hatua hutofautiana kwa modeli na ziko kwenye kitabu cha gari.